Bunduki ya mzee inalala kwa mjane

Matanga yakishaanuliwa, ukoo hukaa. Nyumbani Manyamanyama, mkoani Mara, kama ilivyo Butiama au Musoma Mjini, kikao cha urithi kina mpangilio wake: madeni kwanza, kisha ng'ombe, kisha shamba la pamba na kile kiwanja cha barabarani, mwisho pikipiki na vikorokoro vya ndani. Watu hubishana, hununa, hupatanishwa na wazee. Halafu mtu mmoja, mara nyingi kijana aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam, huuliza: "Na ile bunduki ya mzee?"

Hapo kila mmoja anageuka mjuzi. Baba mkubwa anataka itunzwe, maana ndiyo heshima ya boma. Mtoto wa pili, mwenye shamba kule Hunyari, anataka apewe yeye, kwani tembo wamemmaliza. Kitinda mimba ameshaona kwenye simu bei za bunduki za kale huko Ulaya na anataka iuzwe leo kabla ya kesho. Jua linazama, kikao kinaahirishwa, na bunduki inarudi ilikokuwa: nyuma ya kabati la mama, au chini ya kitanda chake.

Kwa maoni yangu, mabishano hayo huanzia mahali pasipo pake. Kabla ya kuuliza nani aipate, tuulize inalala wapi usiku wa leo, na inalala na nani. Ukoo ukilijibu swali hilo kwa ukweli, matatu yale ya kutunza, kutumia na kuuza hupungua makali yenyewe, kwa sababu anayelala na bunduki ya marehemu karibu kila mara ni mjane.

Tuanze na sheria, maana wengi wanadhani wanaijua. Kwa ng'ombe na ardhi, mila ina majibu yake. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za urithi, linawapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza yuko mbele, wana wengine wa kiume wanamfuata, mabinti wanakuja mwisho. Mjane mwenye watoto hana fungu. Anatarajiwa atunzwe na watoto wake. Unaweza kuupenda mpangilio huo au kuukasirikia, na wanaoukasirikia ni wengi na wana haki, ila ndio uliozoeleka vikaoni.

Kwenye bunduki mpangilio huo haufanyi kazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inampa leseni mtu, haiupi ukoo. Marehemu aliipata baada ya jina lake kupita kwenye mtaa au kijiji, kata, wilaya na mkoa, watu wakaulizwa tabia yake, polisi wakaridhika. Siku alipofariki, ridhaa ile haikuhamia kwa yeyote. Mbele ya msajili wa silaha, mtoto wa kwanza wa kiume na binti wa mwisho wako sawa sawa: hakuna hata mmoja aliye na leseni. Sijui mali nyingine katika boma la Mara inayowasawazisha watoto wa mzee kiasi hicho.

Wakati ukoo unaendelea kubishana nani ana haki nayo, kuna mtu ambaye sheria inaweza kumfikia kabla yao. Kosa linaloletwa mahakamani ni la kukutwa na silaha. Akitokea mtu kupeleka taarifa, jirani mwenye chuki au mkwe aliyekosa ng'ombe, askari watapekua nyumba, na chumba watakachokuta bunduki ni cha mama. Makosa ya silaha bila leseni huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na kifungo cha miaka 20 si jambo geni katika mahakama zetu. Mama ambaye mila imemnyima fungu la ng'ombe anabebeshwa peke yake mzigo wa kitu ambacho hakukiomba, hajui kukitumia, na pengine hajawahi hata kukishika.

Kwa hiyo "ile bunduki" ni ipi? Hapa ndipo wana ukoo wanapopaswa kuijua historia ya eneo lao, kwa sababu silaha zilizomo majumbani mwetu hazikuja kwa njia moja.

La zamani kuliko yote ni gobore. Mwishoni mwa miaka ya 1880, ubalozi wa Uingereza Zanzibar ulikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia pwani kila mwaka. Nyingi zilikuwa kuukuu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya. Zilipanda bara na misafara, na huko Unyamwezi Mirambo alikuwa ameshajenga dola yake kwa mikono ya rugaruga waliobeba silaha za namna hiyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobore la kushindilia baruti mdomoni liliachiwa mlango kidogo, raifo ikafungiwa. Mgawanyo huo uliishi kuliko waliouandika: kwa miongo mingi Mwafrika aliyeruhusiwa silaha aliruhusiwa gobore, na raifo ilikuwa ya bwana mkubwa, ya askari wake, au ya mtemi aliyeelewana na serikali.

Kisha vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita humu humu. Shirati ilitwaliwa na Waingereza Januari 1915, na mwaka 1917 kikosi cha ofisa Heinrich Naumann kilipigana na Wabelgiji kule Ikoma, penye ngome ya Wajerumani ambayo watalii huipita wakielekea Serengeti. Askari wengi wa Kijerumani waliuanza mwaka 1914 na Mauser za muundo wa 1871, zilizotoa moshi mzito kiasi cha kumwonyesha adui mpiga risasi alipo. Silaha za vita kama hivyo huzagaa: nyingine hutupwa, nyingine huokotwa, nyingine hufukiwa.

Vijana wa Mara, Wakurya hasa, walijaa kwenye jeshi la King's African Rifles, na wapo waliofika hadi Burma katika Vita vya Pili. Walirudi na medali na hadithi. Raifo ilibaki kwenye ghala la jeshi. Kwa hiyo babu akisemwa kuwa "alirudi na bunduki yake ya Burma", mhojini vizuri zaidi aliyesimulia. Raifo na shotigani nyingi halali za majumbani zilinunuliwa baadaye na wenye uwezo: machifu, mabwana nyama, wafanyabiashara, wakulima wa pamba waliokuwa na mwaka mzuri. Hizo zina namba na zina kitabu cha leseni, na ndizo zinazotamaniwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Kundi la mwisho halina hadithi tamu. Vita vya Kagera vilipomalizika mwaka 1979, silaha za kijeshi zilivuja kwenda uraiani pande zote za Ziwa. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wafugaji walivunja ghala la kambi ya Moroto mwaka huo huo, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Kwetu, mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa mifugo kwa Wakurya, alionyesha jinsi bunduki zilizorudi na vita hivyo zilivyobadilisha uvamizi Tarime. Nchi ilifika mahali pa kuunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Kama mzee aliacha silaha ya aina hiyo, kikao hakina cha kujadili. Hiyo haikuwahi kuwa mali yake na haiwezi kuwa urithi wa mtu.

Tubaki basi na gobore na raifo, tuzipime zile hoja tatu kwa haki.

Wanaotaka itunzwe wana hoja nzito kuliko wanavyojua kuieleza. Mzee aliyepewa leseni alikuwa ameaminiwa na majirani na serikali, na katika boma kitu kile kilikuwa ushahidi wa kuaminiwa. Kukitoa kunaonekana kama kumfukuza mzee mara ya pili. Lakini watunzaji wanasahau kwamba aliyekuwa akiitunza alikuwa yeye. Alijua ufunguo uko wapi, alijua imepakiwa au haijapakiwa. Gobore lililoshindiliwa miaka kumi iliyopita na kuwekwa pakavu baruti yake inaweza kuwa hai bado, na anayekuja kuligundua ni mjukuu wa darasa la tatu anayecheza uvunguni. Heshima ya marehemu hailindwi kwa kuhatarisha wajukuu zake.

Wanaotaka itumike wana shida ya kweli, na mtu wa mjini asiwacheke. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na mapori ya Grumeti na Ikorongo, Hunyari na Mihale miongoni mwake, vinajua maana ya kuamka asubuhi ukakuta mahindi yamelazwa yote. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa, lakini kiasi ni kidogo na malipo huchelewa. Wabunge wa majimbo haya wamelisema hilo Dodoma mara nyingi.

Hata hivyo bunduki ya marehemu haitibu jeraha hilo. Gobore halimwangushi tembo, linamtia hasira, na tembo aliyejeruhiwa analipiza kwa yeyote atakayemkuta njiani kesho yake. Mabwana nyama wa zamani walipotumwa kumkabili tembo walipewa raifo nzito za aina ya .375 Holland & Holland au .404 Jeffery, pamoja na mafunzo, na bado walizikwa baadhi yao. Mkulima anayefyatua raifo asiyo na leseni nayo, kando ya hifadhi, anageuka mtuhumiwa wa ujangili kabla hajamaliza kuhesabu mashina yaliyobaki. Matofali ya pilipili na kinyesi, uzio wa mizinga ya nyuki, zamu za usiku za vijana na simu kwa askari wa wanyamapori wa halmashauri au wa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, vina mapungufu yake, ila mtu hafungwi kwa kuvitumia, na ni nadra kumgharimu maisha.

Hoja ya kuuza ndiyo yenye mvuto kwa vijana, kwa hiyo naitolea nafasi. Ni kweli zipo bunduki za kale zenye thamani kubwa, na baadhi zilipata thamani hiyo hapa hapa kwetu. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 na raifo ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na Waingereza waliompenda; leo iko katika Makumbusho ya Frazier mjini Louisville, Marekani. Raifo ya Westley Richards aliyokuwa nayo Ernest Hemingway iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa zaidi ya dola 300,000.

Kijana akisoma hayo anaitazama raifo ya babu kwa jicho jipya. Lakini walionunua zile walilipia karatasi zaidi ya chuma. Walilipia barua, picha, vitabu vya kiwanda na jina la mwenyewe, mnyororo mzima wa ushahidi usio na pingili iliyokatika. Raifo ya Bunda yenye kutu kwenye mtutu na kitako kilichofungwa waya, hata ikiwa imetoka kiwanda kile kile, mnyororo huo haina. Na hata ungekuwapo, kuitoa nchini kunahitaji ruhusa za huku na za huko. Kama ni gobore lililotengenezwa kabla ya mwaka 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo ina neno, kwa kuwa vitu vya umri huo inavilinda.

Mauzo halali yapo: kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, au kwa mtu aliyekwisha kuruhusiwa kununua, polisi wakijua na kumbukumbu zikibadilishwa. Wanunuzi wa namna hiyo ni wachache, hawana haraka, na bei yao haitajenga nyumba. Mwenye haraka ni yule anayekuja usiku na fedha taslimu na hataki jina lake liandikwe popote. Huyo anapaswa kuogopwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayozitaka nchi za ukanda huu kuziwekea silaha alama na kumbukumbu. Bunduki yenye namba ya mzee ikiokotwa kwenye tukio la ujambazi Sirari au Nyamongo, njia ya upelelezi inarudi hadi kwenye jina lililo msalabani, na kutoka hapo hadi kwa mjane.

Kwa nini basi koo nyingi zinaficha? Tusijifanye hatujui. Watu wanaogopa, na woga huo una sababu. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013 ilianzishwa kuwakomesha majangili, ikasimamishwa ndani ya wiki chache kwa sababu ya mateso na vifo, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne waliondoka madarakani baada ya Bunge kupokea ripoti yake. Jamii zinazoishi kando ya hifadhi hazijasahau. Mama anayesikia "peleka bunduki polisi" anakumbuka waliopelekwa na hawakurudi wazima. Kumhubiria uzalendo bila kuligusa hilo ni kupoteza muda.

Serikali nayo imewahi kufungua mlango. Septemba na Oktoba 2022 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha walizokuwa nazo kinyume cha sheria, na Umoja wa Afrika umeufanya mwezi Septemba kuwa wa msamaha wa namna hiyo barani kote. Ni jambo jema, ila kifo hakisubiri Septemba. Mzee akifariki Januari, mama akae na hofu miezi minane?

Ninachopendekeza ni utaratibu wa kudumu, mahsusi kwa warithi, unaojulikana hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Mirathi ya wengi wetu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu, anapomthibitisha msimamizi, aulize kila mara kama marehemu aliacha silaha. Ikiwapo, msimamizi apewe barua ya mahakama kwenda nayo polisi, na anayefika na barua hiyo apokewe kama raia aliyetii, apewe stakabadhi yenye aina na namba ya silaha, na jalada lisiwe la jinai. Halafu mrithi anayeitaka kweli aanze maombi yake upya kama mwombaji mwingine yeyote, bunduki ikiwa salama mikononi mwa dola badala ya chumbani kwa mama.

Na kwa zile zenye historia, tufungue mlango wa nne, nje ya kutunza, kutumia na kuuza. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya Makumbusho ya Taifa. Songea kuna makumbusho ya Majimaji yanayoheshimu silaha za waliopigana. Kwa nini Mara isiwe na chumba kinachoeleza habari ya bunduki katika mkoa uliotoa wanajeshi wengi kiasi hiki? Gobore la mlinzi wa mashamba, raifo ya mtemi na ya bwana nyama, kila moja ikiwa imeharibiwa mtambo isiweze kulia tena, na kando yake kibao chenye jina la ukoo ulioitoa. Nizwa, Oman, wanakoishi pia ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, raifo za Martini-Henry za karne ya 19 zimepambwa kwa fedha na zinachezewa ngoma za wanaume sherehe zikifika. Jamii ile imeipa silaha ya kale kazi nyingine. Nasi tunaweza kuipa yetu kazi ya kufundisha.

Lakini ukoo wenye kikao wiki ijayo usisubiri jengo wala waraka. Bunduki iwe ajenda ya kwanza, kabla ya madeni na kabla ya ng'ombe. Asiwepo wa kuifungua, kuisafisha wala kujaribu kama imepakiwa. Asiwepo wa kuibeba kwenye bodaboda kuipeleka kituoni, maana akisimamishwa njiani maelezo yake hayatasaidia. Mwenyekiti wa mtaa aarifiwe, polisi wapigiwe simu waje wenyewe, mbele ya wanaukoo wawili watatu. Kitabu cha leseni na cheti cha kifo viwe mezani. Stakabadhi itolewe, ipigwe picha, na nakala moja akabidhiwe mjane mkononi.

Kisha wazee wakae na vijana waandike: mzee aliipata wapi, mwaka gani, aliitumia kwa lipi, alikataa kuitumia kwa lipi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ndilo fungu pekee la bunduki linaloweza kugawanywa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, pasipo mmoja kumwonea mwenzake na pasipo mtu kwenda jela.

Watakaosema nimemshushia mzee hadhi, niwaulize alichukua silaha ile kwa ajili ya nani. Kama ni kwa ajili ya kuilinda nyumba yake, basi aliyebaki katika nyumba hiyo ni mke wake, na kumwondolea bunduki chumbani ni kuikamilisha kazi ambayo mumewe aliiombea leseni.